Haile Selassie: Mkimbizi Aliyewapatanisha Wazee Wetu

Toleo hili tunamkumbuka mtu ambaye wazee wetu wa Malakia, kule Juba, walimtaja kila walipozungumzia amani ya mwaka 1972: Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia.

Alizaliwa mwaka 1892 akaitwa Tafari Makonnen, akatawazwa mwaka 1930. Mwaka 1935 Waitaliano walivamia nchi yake, wakatumia hata gesi ya sumu. Mei 1936 akakimbia, na sisi tunajua kukimbia ni nini. Jeshi lake lilikuwa limeshindwa. Alibaki na ukweli tu. Tarehe 30 Juni alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, akaeleza mateso ya watu wake kwa Kiamhari, huku waandishi wa Kiitaliano wakimzomea. Mataifa hayakumwokoa, lakini dunia ilisikia. Akaishi ukimbizini Bath, Uingereza, mpaka mwaka 1940 alipoletwa Khartoum. Januari 1941 akarudi kwao akivukia Sudan.

Miaka 31 baadaye alilipa fadhili hiyo. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, pamoja na umoja wa makanisa ya Afrika, liliwakutanisha wajumbe wa Khartoum na wapiganaji wa Anya-Nya huko Addis Ababa. Wakristo na Waislamu waliketi meza moja, Kasisi Burgess Carr wa Liberia akiongoza mazungumzo. Walipokwama juu ya jeshi, Mfalme aliwasaidia wakubaliane: askari 12,000 kusini, nusu watu wa kusini, nusu wa kaskazini. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 27 Februari 1972. Juba ikawa makao ya serikali ya kusini, wakimbizi wakarudi, na amani ikadumu hadi mwaka 1983.

Lakini tusimfanye malaika. Njaa ilipoua watu wengi Wollo mwaka 1973, serikali yake ilificha habari. Filamu ya Waingereza ikaifichua, hasira ikapanda, na Septemba 1974 wanajeshi wakamwondoa. Alifia kizuizini Agosti 1975.

Ndugu, aliyeinuliwa na ukweli Geneva aliangushwa na ukweli uliofichwa nyumbani. Hapa kambini uvumi mmoja wa simu unaweza kugombanisha makabila mawili kabla ya jua kuchwa. Tuulize kwanza, tuhakikishe, ndipo tuseme. Na lililo kweli tusilifiche, hata kama linawahusu watu wetu wenyewe.