Harry Thuku: Alipinga kahawa ya shuruti, akafa mkulima wa kahawa

WAKENYA wengi hulitambua jina la Harry Thuku kutokana na barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wachache wanafahamu kwamba sehemu kubwa ya maisha ya mwanasiasa huyo ilifungamana na zao la kahawa.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 katika eneo la Kiambu na kupata elimu katika misheni ya Kambui. Ujana wake haukukosa doa, kwani mwaka 1911 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Baada ya kutoka gerezani alipata kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi lililoitwa Leader of British East Africa. Ni huko alikojionea jinsi walowezi walivyowazungumzia Waafrika. Baadaye aliajiriwa na serikali kuhudumia simu jijini Nairobi.

Wakati huo uchumi wa walowezi ulitegemea mambo mawili: ardhi na vibarua. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa fursa ya kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, serikali iliwagawia wanajeshi wa Kiingereza mashamba mapya. Kahawa na katani zilihitaji mikono mingi, lakini wenyeji hawakuwa na sababu ya kuyaacha mashamba yao ili wakalime ya wengine kwa ujira duni.

Serikali ikatafuta mbinu za kuwatoa makwao. Mnamo Oktoba 1919, chini ya Gavana Edward Northey, ilitolewa waraka uliowataka maafisa wa wilaya na machifu kuwahimiza watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, wakiwemo wanawake na watoto walioishi karibu. Kule vijijini, himizo hilo liligeuka kuwa shuruti. Wake na mabinti walitolewa nyumbani kwenda kuchuma kahawa, na malalamiko kuhusu kudhulumiwa kwao yakaenea kote Kiambu.

Isitoshe, kodi ya nyumba ilipandishwa hadi Sh16. Kila mwanamume alitakiwa kubeba kipande, naye kibarua aliyemtoroka mwajiri wake akawa rahisi kusakwa. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoporomoka duniani, walowezi waliafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hasara ya soko ilibebeshwa mchumaji.

Hapo ndipo Thuku alipojitosa ulingoni. Mwaka huo alishiriki kuunda chama cha vijana wa Kikuyu, kisha akaongoza East African Association kilichokusudia kuwaunganisha Waafrika wa makabila yote. Akisaidiwa na marafiki wa Kihindi, akiwemo mhariri Manilal Desai, alituma malalamiko moja kwa moja hadi London bila kupitia kwa machifu. Kwa wanawake waliolazimishwa kuchuma kahawa, alikuwa mtetezi wao.

Serikali ilimkamata Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi ulimiminiwa risasi. Miongoni mwa waliouawa ni Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kusitasita. Serikali ilikiri kwamba watu 21 walifariki, ingawa wengine walishikilia kuwa idadi ilikuwa kubwa zaidi.

Thuku alihamishiwa Kismayu bila kufunguliwa mashtaka. Baadaye alipelekwa Lamu, Witu na hatimaye Marsabit, akaachiliwa mwishoni mwa 1930. Hata hivyo, machozi ya wafuasi wake hayakwenda bure kabisa, kwani kodi ilipunguzwa hadi Sh12.

Aliporudi, Thuku alikuta kizuizi kingine kingalipo. Mwafrika aliruhusiwa kuichuma kahawa lakini si kuipanda. Walowezi walidai kwamba wenyeji wangeeneza magonjwa ya mimea na kuharibu ubora wa zao hilo. Hoja hiyo ilikosa mashiko, kwani katika nchi jirani ya Tanganyika, Wachaga walikuwa wakikuza kahawa na walikwisha kuunda chama chao mwaka 1925. Hofu kubwa ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hangekubali kuwa kibarua wa mwingine. Katikati ya miaka ya 1930, wakulima wachache wa Kisii na Meru waliruhusiwa kwa majaribio. Mlango ulifunguliwa zaidi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Kufikia wakati huo Thuku alikuwa mtu mwingine. Alivunja uhusiano na Kikuyu Central Association, akaunda chama chenye msimamo wa wastani mwaka 1935, na baadaye akawapinga Mau Mau hadharani. Waliomwimba mwaka 1922 walimwona msaliti. Alijishughulisha na kilimo cha kahawa Kiambu, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki Juni 1970.

Je, aliwageuka wenzake? Kuhusu Mau Mau, jawabu litategemea nani anaulizwa. Kuhusu kahawa, itakuwa vigumu kumlaumu. Thuku hakuuchukia mbuni. Alichopinga ni mama kutolewa shambani mwake kwa nguvu ili achume zao ambalo yeye mwenyewe alikatazwa kulipanda, kwa ujira uliopangwa na mwenye kulivuna faida. Swali la nani anatoa jasho na nani anapanga bei ndilo lililowapeleka watu mbele ya bunduki mwaka 1922, na mkulima mdogo wa kahawa nchini bado analiuliza kila anapopokea malipo yake.