Doppler: Mwana wa mchonga mawe aliyewafumbua macho madaktari

ALIYESIMAMA kando ya barabara ya Darajani, Mji Mkongwe, anajua kuwa honi ya gari linalokuja husikika kali, na likishapita sauti hushuka. Aliyelieleza jambo hilo kwa hesabu ni Christian Doppler, aliyezaliwa Salzburg, Austria, mwaka 1803.

Baba yake alikuwa mchonga mawe, lakini afya dhaifu ilimzuia mwana kurithi kazi hiyo, akapelekwa shule. Mwaka 1835, kwa kukosa ajira, alikaribia kuhamia Marekani, ndipo akapata ualimu mjini Prague.

Mei 25, 1842, enzi za Seyyid Said hapa Unguja, Doppler aliwasilisha nadharia yake mbele ya wasikilizaji wachache. Alizungumzia rangi za nyota, si maradhi. Mwaka 1845 Buys Ballot aliithibitisha nchini Uholanzi kwa wapiga tarumbeta waliopanda treni.

Doppler alifariki Venice mwaka 1853 kwa maradhi ya mapafu, akiwa na miaka 49.

Karne moja baadaye, watafiti wa Japani waliitumia kanuni hiyo katika altrasaundi: damu inayotembea hurudisha mawimbi ya sauti yaliyobadilika, na mashine huonyesha kasi yake. Leo, katika upandikizaji wa mapafu, kipimo kinachopitishwa kwenye umio humwonyesha daktari iwapo mishipa iliyoungwa inapitisha damu vyema, ili kasoro irekebishwe kabla kifua hakijafungwa.

Hivyo aliyeuawa na maradhi ya mapafu aliwaachia wagonjwa wa mapafu njia ya kuponea.