Bethune, tabibu aliyefundisha upasuaji milimani

MWISHONI mwa Oktoba 1939, katika kijiji cha milimani kaskazini mwa Uchina, daktari mmoja kutoka ng'ambo alijikata kidole akimpasua askari aliyejeruhiwa. Hakuwa na glavu. Majeshi ya Japani yalikuwa yakikaribia na majeruhi wengine walikuwa wakisubiri, hivyo akaendelea na kazi. Siku chache baadaye alimpasua mgonjwa mwenye maambukizi mabaya, na vijidudu vikapenya katika kidonda kile na kuingia kwenye damu. Alikata roho Novemba 12, akiwa na umri wa miaka 49.

Huyo ndiye Norman Bethune, mzawa wa Gravenhurst, jimbo la Ontario nchini Kanada, mwana wa mhubiri na mjukuu wa daktari wa upasuaji. Kabla ya kuhitimu udaktari, aliwahi kufanya kazi katika kambi za wakata miti, mchana akishika shoka na jioni akiwafundisha vibarua wahamiaji kusoma na kuandika. Anayetafuta chimbuko la aliyoyafanya Uchina ataanzia kambini humo, wala si hospitalini.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza alibeba machela, akajeruhiwa huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Mwaka 1926 aliugua kifua kikuu na, akiwa mgonjwa katika jimbo la New York, akashikilia atibiwe kwa mbinu iliyoogopwa wakati huo, ya kuingiza hewa kifuani ili pafu lenye ugonjwa lipumzike. Alipona, kisha akahamia Montreal na kuwa bingwa wa upasuaji wa kifua. Alibuni vifaa kadhaa, kikiwamo chombo cha kukatia mbavu, ambacho wazo lake alilitoa kwa fundi viatu.

Hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, mpenda pombe, na alimwoa mwanamke yuleyule mara mbili na kutalikiana naye mara mbili. Mwaka 1935 alizuru Muungano wa Kisovieti, akarejea akiamini kuwa tiba ni haki ya raia, si bidhaa, na akajiunga na chama cha Kikomunisti. Vita vilipozuka Uhispania alianzisha huduma ya kupeleka damu kwenye chupa hadi karibu na medani ya vita. Hata hivyo, alikosana na wenzake na kuondoka mwaka 1937.

Alipowasili Uchina mapema 1938, alikuta majeruhi wakilala kwa siku nyingi bila vidonda kusafishwa, na bendeji zikifuliwa na kutumiwa tena na tena. Wengi wa waliowahudumia walikuwa vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuona chuo cha udaktari. Mwanzoni aliwafokea. Baadaye alitambua kwamba kosa halikuwa lao, kwani hakuna aliyewafundisha.

Septemba 1938 alifungua hospitali ya mfano katika kijiji cha Songyankou, mkoani Shanxi, ingawa viongozi wa jeshi walikuwa na shaka. Haikupita muda mrefu Wajapani wakaiteketeza. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hasara hiyo ndiyo iliyomfundisha mwalimu mwenyewe. Kuanzia hapo hakutaka tena majumba. Alitaka daktari amfuate majeruhi, na chumba cha upasuaji kipandishwe mgongoni mwa mnyama. Maseremala walimtengenezea kibebeo cha mbao cha kuwekwa juu ya punda, chenye nafasi za dawa, bendeji na visu. Yasimuliwa kuwa wazo hilo alilipata kwa kumtazama mkulima akisafirisha mbolea. Kibebeo kilipewa jina la Lugou, daraja ambako vita vilianza Julai 1937.

Mafunzo nayo yaliambatana na hali hiyo. Aliandika vitabu vya mwongozo vyenye michoro, vikatafsiriwa kwa Kichina. Mafundi wa kijijini walionyeshwa jinsi ya kutengeneza vyuma vya kunyooshea miguu iliyovunjika. Wanakijiji walipoogopa kutolewa damu, alijilaza na kutoa yake kwanza, kwa kuwa ilikuwa ya kundi O.

Watu hupenda kutaja mapigano ya Qihui ya Aprili 1939, ambapo kikosi chake kilifanya operesheni 115 kwa saa 69. Ni kazi kubwa, lakini mtu mmoja huchoka, na huyu alikufa. Shule ya udaktari aliyosaidia kuianzisha mwaka huo haikufa naye. Ilipewa jina lake mwaka 1940. Hospitali iliyopewa jina lake, ambayo sasa iko mjini Shijiazhuang, iliongozwa kwanza na Dwarkanath Kotnis, daktari kutoka India, aliyefariki Desemba 1942 akiwa na miaka 32 tu.

Bethune alikuwa amepanga kurudi nyumbani kutafuta fedha za dawa, akaahirisha safari mapigano yalipopamba moto. Katika wosia wake aliwagawia madaktari wa Kichina vifaa vyake vya upasuaji. Aliagiza pia kwinini inunuliwe kila mwaka kwa wagonjwa wa malaria, tena isinunuliwe Tianjin wala miji ya jirani, kwa sababu bei huko ilikuwa maradufu ya ile ya Shanghai na Hong Kong.