Gandhi: mtoto aliyekwepa mazoezi akawa mtembeaji wa alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Uliitega mwenyewe jana usiku, ukajiahidi kwamba kesho utaamka mapema, utembee au ukimbie kidogo kabla ya kwenda kazini. Sasa nje bado giza, kuna umande, na shuka lina joto. Unainyamazisha simu na kusema moyoni kwamba utaanza Jumatatu.

Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Tukiulizwa kwa nini tumeacha mazoezi, tunajibu kwamba hatuna moyo nayo, kana kwamba wale wanaoweza walizaliwa wakiwa na kitu ambacho sisi tulinyimwa.

Katika makala hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana dunia nzima, Mohandas Karamchand Gandhi, aliyeongoza mapambano ya kuikomboa India kutoka kwa Waingereza bila kutumia silaha. Habari zake za siasa zimesimuliwa mara nyingi. Leo tunatazama upande mwingine: alitembea kwa miguu karibu maisha yake yote, na akazoea kuamka kabla ya jua. Lakini alipokuwa mtoto, mazoezi ya shuleni hakuyapenda hata kidogo.

Mtoto asiye na saa

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya magharibi ya India. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa dola ndogo ya hapo. Baadaye familia ilihamia Rajkot, na huko ndiko kijana huyu alikosomea. Alikuwa mwembamba na mwenye haya nyingi, na alikwepa mchezo wowote wa kundi.

Mwalimu mkuu wa shule aliamuru wanafunzi wa madarasa ya juu wafanye mazoezi ya viungo na kucheza kriketi. Gandhi alichukizwa. Sababu moja ilikuwa haya. Nyingine ilikuwa nzito zaidi: baba yake alikuwa mgonjwa, na kijana alitaka akitoka shule tu akimbilie nyumbani kumuuguza.

Jumamosi moja masomo yalikuwa ya asubuhi, na mazoezi yalipangwa saa kumi jioni. Gandhi hakuwa na saa, na siku hiyo mawingu yalilifunika jua. Alipofika uwanjani wenzake walikuwa wameshaondoka. Alieleza ukweli, lakini hakuaminiwa, akatozwa faini. Faini haikumuumiza kama kuonekana mwongo. Mwishowe faini ilifutwa, na baba yake akamwandikia mwalimu mkuu barua ya kumwombea ruhusa ya kutohudhuria mazoezi.

Kwa hiyo alipata alichokitaka. Ila alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba alikosea kudhani mazoezi hayahusiani na elimu. Kitu kimoja tu kilimwokoa: alikuwa amesoma vitabuni kwamba kutembea mahali penye hewa safi kuna faida, naye akapenda. Kutembea hakukuhitaji kundi wala uwanja, wala mtu wa kumcheka.

Nauli ya London

Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 18, alipanda meli kwenda Uingereza kusomea sheria. Alimwacha nyumbani mkewe Kasturba na mtoto mchanga. Masomo yake yalitegemea fedha za familia, na London ilikuwa ghali. Alianza kuandika kila senti aliyotumia, akaona kwamba sehemu kubwa inakwenda kwenye nauli.

Akafanya uamuzi mdogo. Alihama nyumba aliyokuwa akiishi, akapanga vyumba mahali ambapo angeweza kufika kwenye shughuli zake kwa mwendo wa nusu saa. Tangu hapo alitembea kati ya kilomita 13 na 16 kwa siku. Nauli ilibaki mfukoni. Baadaye alieleza kwamba ni kutembea huko kulikomlinda na maradhi muda wote alipokuwa Uingereza, na kumpa mwili wenye nguvu kiasi.

Hapa tusimame kidogo. Gandhi hakuamka asubuhi na kuanza kujiuliza kama leo ana moyo wa kufanya mazoezi. Alikuwa ameshahama. Njia ya kwenda kwenye shughuli zake ndiyo iliyokuwa mazoezi yenyewe, na kama hakutembea hakufika. Swali la moyo lilikwisha siku aliyobadili nyumba.

Dakika 45 hadi mahakamani

Alirudi India mwaka 1891 akiwa wakili, lakini kazi ilikuwa ngumu kupatikana. Huko Bombay alipewa kesi moja ndogo, akasimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka na maneno yakagoma. Akakaa chini, akamrudishia mteja ada yake na kuondoka kwa aibu.

Mtu aliyefikwa na hayo angeweza kubaki kitandani. Yeye aliendelea kwenda Mahakama Kuu kila siku kusikiliza kesi za wengine, ingawa alikiri kwamba mara nyingi alisinzia humo ndani. Kutoka nyumbani hadi mahakamani ulikuwa mwendo wa dakika 45. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, juani. Rafiki zake wengi mjini waliugua mara kwa mara, naye hakukumbuka kuugua hata mara moja.

Mwaka 1893 kampuni moja ya wafanyabiashara Wahindi ilimpa kazi Afrika Kusini. Meli iliyomchukua kutoka Bombay ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar kabla ya safari ya kuelekea Durban. Alidhani angekaa mwaka mmoja. Alikaa, pamoja na safari za kwenda na kurudi, hadi mwaka 1914.

Kinu cha kusagia na watoto njiani

Mjini Johannesburg Gandhi alifanikiwa kama wakili, na nauli haikuwa shida tena. Aliendelea kutembea hivyo hivyo. Kutoka nyumbani hadi ofisini na kurudi ilikuwa kama kilomita 8, na wanawe walifuatana naye huku akiwafundisha njiani. Alipenda kusema nao wakati huo kwa kuwa nafasi nyingine ilikuwa haba. Hilo pia lilikuwa na gharama yake: watoto hawakupata shule ya kutosha, na walipokua hawakuficha uchungu wao kwa baba yao.

Nyumbani alinunua kinu cha kusagia cha mkono, chenye gurudumu zito la chuma. Mtu mmoja alikizungusha kwa taabu, wawili kwa urahisi. Unga wa mkate wa nyumba ile ulisagwa humo, yeye akishirikiana na rafiki yake Henry Polak na watoto. Wasomaji wetu wa vijijini hawahitaji kuelezwa kwamba kusaga kwa mkono ni mazoezi. Bibi zetu walijua, ingawa hawakuita hivyo.

Mwaka 1910 yeye na rafiki yake Hermann Kallenbach walianzisha shamba la kuishi pamoja na familia za wapigania haki, umbali wa kilomita 34 hivi kutoka Johannesburg. Waliliita Shamba la Tolstoy. Kanuni moja ilikuwa kwamba mwenye haja zake binafsi mjini aende kwa miguu. Waliondoka saa nane usiku, wakatembea saa sita au saba, wakafika mjini asubuhi.

Alipozidisha

Tusimfanye malaika. Mwaka 1918, akiwa amesharudi India, Gandhi alizunguka wilaya ya Kheda akitafuta vijana wa kujiunga na jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanakijiji hawakuipenda kazi hiyo, wakamnyima hata mikokoteni. Akatembea, siku nyingine kama kilomita 32, huku akila chakula kidogo kisichompa nguvu ya kutosha.

Mwili ulimshinda. Alipatwa na ugonjwa wa kuhara damu, akawa mahututi kiasi cha kudhani anakufa, na kupona kulichukua miezi. Mwenyewe alilaumu ujinga wake juu ya chakula. Mwishowe alikubali kunywa maziwa ya mbuzi, ingawa alikuwa ameapa kutokunywa maziwa. Tangu wakati huo alijua kwamba miguu peke yake haimbebi mtu. Inataka chakula na mapumziko.

Saa kumi alfajiri

Katika makazi yake ya Sabarmati, nje ya mji wa Ahmedabad, siku ilianza saa kumi alfajiri. Kengele ililia na wote wakaamka kwa ajili ya sala ya pamoja kabla ya jua. Matembezi ya asubuhi yalikuwa sehemu ya siku yake, na mara chache alitembea peke yake. Waliotaka ushauri walimfuata njiani, na mara nyingine walilazimika kukimbia kidogo ili wasiachwe nyuma.

Faida ya miaka yote hiyo ilionekana mwaka 1930. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeshikilia biashara ya chumvi na kuitoza kodi, kodi iliyomfikia hata maskini wa mwisho. Tarehe 12 Machi Gandhi aliondoka Sabarmati asubuhi mapema na wenzake 78, akiwa na fimbo mkononi. Alikuwa na umri wa miaka 60. Walitembea karibu kilomita 385 hadi kijiji cha Dandi, ufukweni. Walitumia baridi ya asubuhi na ya jioni, wakapumzika wakati wa jua kali na kila Jumatatu. Baada ya siku 24 walifika, na asubuhi ya tarehe 6 Aprili Gandhi akaokota chumvi kinyume cha sheria. Nchi nzima ilimfuata, na maelfu wakafungwa.

Mtu hawezi kuamka siku moja akiwa na miaka 60 na kutembea hivyo. Safari ya Dandi ilikuwa imeandaliwa na nusu saa za London na dakika 45 za Bombay, bila yeye kujua.

Hatua za mwisho

Mwaka 1942 alifungwa tena, yeye na Kasturba, katika jumba la Aga Khan mjini Poona. Siku chache tu baadaye katibu wake mpendwa, Mahadev Desai, alifia humo. Gandhi akawa anatembea hadi mahali alipochomewa mwili wake, ndani ya uwanja wa jumba, na kuweka maua. Februari 1944 Kasturba naye akafariki humo humo. Matembezi hayakukoma, ila sasa yalikuwa ya kuwakumbuka wawili.

Mwanzoni mwa 1947, akiwa na miaka 77, alitembea pekupeku kijiji hadi kijiji huko Noakhali, Bengal, akiwasihi Wahindu na Waislamu waache kuuana. Tarehe 30 Januari 1948, mjini Delhi, alikuwa akitembea kwenda kwenye sala ya jioni, akiwaegemea wasichana wawili wa ukoo wake. Yule mtoto aliyechelewa mazoezi kwa kukosa saa sasa alikuwa mzee mwenye saa kiunoni, na dakika chache alizochelewa siku hiyo zilimkera. Aliharakisha hatua. Njiani muuaji alimpiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Tuchukue nini?

Kama kazi yako ni jembe, kuni na ndoo ya maji, mwili wako unafanya kazi ya kutosha, na pengine unahitaji kupumzika zaidi. Lakini vijijini pia tuko walimu, wenye maduka, mafundi cherehani, makarani na waendesha bodaboda, tunaokaa kutwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa.

Maisha ya Gandhi yanatuonyesha kwamba moyo wa mazoezi si lazima uje kwanza. Alifunga mazoezi kwenye jambo ambalo lingefanyika tu: kufika kazini, kupata unga, kuwahi sala, kuzungumza na watoto. Nasi tunaweza kushuka kwenye bodaboda mapema na kumalizia njia kwa miguu. Anayekwenda sala ya alfajiri anaweza kurudi nyumbani kwa njia ndefu. Wawili wanaweza kukubaliana kupitiana, maana ni vigumu kubaki kitandani jirani akiwa amesimama mlangoni.

Anza na kidogo, na usisahau Kheda: kula, kunywa maji, pumzika. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au maumivu ya kifua azungumze kwanza na mhudumu wa afya.

Na kesho saa kumi na moja simu ikilia, usijiulize kama una moyo. Jiulize tu unakwenda wapi, kisha uvae viatu.