Andrew Foster: Kiziwi aliyewafungulia shule viziwi wa Afrika

KUNA mtoto niliyewahi kumkemea darasani hapa Lobule. Kila nikimuuliza swali alijibu kwa kelele, kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. Mama yake ndiye aliyenieleza kwamba zamani alisema vizuri, hadi alipougua homa ya uti wa mgongo. Nyumbani walishampa dawa za koo, hata kwa mganga walimpeleka. Kumbe koo lilikuwa zima.

Ndiyo maana leo nawasimulia habari za Andrew Foster.

Foster, Mmarekani mweusi, alizaliwa Juni 27, 1925, huko Ensley, Alabama. Akiwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walipatwa na homa hiyo hiyo. Walipona, lakini wakabaki viziwi.

Ugonjwa huu hushambulia ngozi zinazofunika ubongo, na unaweza kuharibu sikio la ndani. Hapo sauti nayo huyumba. Ubongo ndio unaoamuru misuli ya koo, na sikio ndilo linaloupelekea ubongo habari: umepaza mno, umeshusha mno. Habari hizo zikikatika, mtu aliyekwisha kujifunza kusema huweza kupaza sauti bila kujua, au sauti ikakosa kupanda na kushuka. Aliyepoteza usikivu akiwa mchanga hana hata sauti ya kuiga, naye huitwa bubu ilhali koo lake halina kasoro.

Foster alisoma Talladega, katika shule ya viziwi weusi, maana enzi hizo weupe walikuwa na yao. Chuo cha Gallaudet, Washington, kilimkataa mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo.

Mwaka 1957 alifika Ghana, akaanzisha shule ya viziwi Accra. Hakuwangoja watoto wapate sauti ndipo wafundishwe. Aliwafundisha kwa ishara za mikono. Mwaka 1961 alimwoa Berta, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, zikiwamo Kenya na Zaire ya wakati huo. Desemba 3, 1987, ndege ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda, akafa akiwa na miaka 62.

Ndugu zangu mliorejea nyumbani, nanyi mnaovuka kwenda Ariwara na Kaya kutafuta riziki, sisi wa West Nile tumo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Hushamiri wakati wa kiangazi. Mtoto akipata homa kali, shingo ikakakamaa, akachukia mwanga, usingoje soko liishe. Mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo. Akipona, omba apimwe masikio mapema, hata kama anaonekana mzima.

Yule mwanafunzi wangu sasa hukaa mbele, anapoona midomo na mikono yangu. Bado hupaza sauti. Simkemei tena; namwonyesha kwa kiganja ashushe, naye hushusha.