Mtemi Mirambo na Njia ya Ujiji

Treni itokayo Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Alizaliwa karibu na mwaka 1840, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Alirithi nchi ndogo tu, lakini kwa bunduki na vijana wake walioitwa ruga-ruga akaziunganisha nchi za jirani, hata akaikalia njia ya misafara baina ya Tabora na Ujiji.

Mwaka 1871 njia ile ikafungwa, na kila mji ukalia kwa shida yake. Ujiji bidhaa za pwani ziliadimika. Tabora misafara ilikwama. Unguja pembe zilipungua. Ukizipanga habari hizo pamoja utaona kwamba zote zaelekeza Urambo. Lakini tuangalie: si kila shida ya siku zile ilitoka huko. Dakta Livingstone alirudi Ujiji akakuta hana kitu, kwa sababu mtu aliyekabidhiwa mali yake alikuwa amekwisha kuiuza. Kosa hilo si la Mirambo.

Je, kwa nini aliifunga njia? Waarabu wa Tabora walisema ni mnyang'anyi. Jawabu hilo halitoshi. Watemi wengi njiani walitoza hongo, na misafara ililipa, ingawa kwa kunung'unika. Bali Waarabu walikuwa wamemfukuza Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, wakamweka Mkasiwa aliyewafaa, wala hawakutaka mtemi mwingine mwenye nguvu juu ya njia yao. Mzizi wa vita, basi, ulikuwa Tabora kama ulivyokuwa Urambo.

Agosti 1871 Waarabu walimshambulia, na Stanley pamoja nao. Walipokuwa wakirudi na mateka, Mirambo aliwavizia akawavunja. Kisha akaja Tabora, akachoma sehemu ya mji. Stanley akaona hapiti, akazunguka kusini kwa Ukonongo hata akafika Ujiji. Sayyid Barghash alipeleka askari kutoka pwani, nao hawakumshinda.

Njia ilifunguka walipopatana tu. Mwaka 1876 Stanley alikutana tena na adui wake wa zamani, akashangaa kuona mtu mpole, wakachanjiana udugu. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mpandashalo akamrithi, lakini nchi nyingi alizoziunganisha zikaanza kujitenga.