Mzee Bildad Kaggia: Mtumishi Asiyejilimbikizia



Tunapoadhimisha yubilei ya kwaya yetu, kamati iliona vyema kijitabu hiki kisijae majina na picha zetu peke yake. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, yubilei ni mwaka wa 50, ambapo mtumwa aliachiliwa huru na shamba lililouzwa kwa ajili ya dhiki likarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo tumemkumbuka mtu aliyefungwa kwa ajili ya uhuru, kisha akapoteza cheo kwa ajili ya wasio na shamba.

Bildad Kaggia alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika jamaa ya watu wa Murang'a. Alikuwa karani, na Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto akajiunga na jeshi. Utumishi huo ulimfikisha Mashariki ya Kati, akauona mji wa Yerusalemu, na baadaye Uingereza. Aliporudi hakuwa yule aliyeondoka. Alianza kuhubiri kwamba Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu bila kuvaa desturi za Mzungu, akajitenga na kanisa la misheni, na wengi wakamfuata. Si wote kati yetu wanaokubali kila alichofundisha, lakini leo tunapomsifu Mungu kwa ngoma na kayamba tunajua swali lake lilikuwa la haki.

Jijini Nairobi aliingia katika vyama vya wafanyakazi akawa kiongozi wa makarani. Mwezi wa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa. Ukitoka hapa Eldoret ukapita Kitale, unafika Kapenguria, na huko ndiko aliposhtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Aprili 1953 walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu, isipokuwa Oneko aliyeshinda rufaa lakini akabaki kizuizini. Kaggia alipelekwa Lokitaung, kwenye jua la Turkana. Uhuru wake aliupata mwaka 1961.

Mwaka 1963 watu wa Kandara walimchagua kuwa mbunge, akawa pia waziri msaidizi wa elimu. Wengi wangesema sasa ni zamu yake kula. Yeye aliendelea kuuliza kwa nini waliopigania ardhi wabaki bila ardhi, na kwa nini maskini alipie shamba aliloporwa. Kwa sababu hiyo cheo kilimtoka mwaka 1964. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa hadhara huko Kandara kwake, Rais Kenyatta alimkemea mbele ya watu. Alimlinganisha na wenzake waliofungwa pamoja naye, ambao sasa walikuwa na majumba na mashamba, akamtaka aeleze yeye amejifanyia nini.

Kaggia hakuwa na mali ya kuonyesha. Mwaka 1966 alihamia chama cha upinzani cha KPU na akapoteza kiti. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru, kwa mkutano usio na kibali. Baadaye alirudi KANU, lakini umaarufu wa zamani haukurudi. Uzeeni aliishi maisha ya kawaida, akiendesha kisiagi cha kusaga mahindi ya majirani. Alifariki Machi 2005.

Sisi wa Uasin Gishu tunajua uzito wa neno ardhi, na tunajua damu iliyomwagika kwa ajili yake. Kaggia hakudai ardhi ya kabila lake ili wengine wafukuzwe. Alimtetea asiye nacho.

Swali la Kandara linaweza kutufikia hata sisi. Waimbaji wetu hujilipia nauli na sare zao, wakaacha shughuli zao Jumamosi kwa ajili ya mazoezi. Msimu wa kampeni ukifika, mialiko huja na bahasha, na kuna atakayetuuliza kwaya hii imejifanyia nini miaka yote. Tukikosa majumba ya kuonyesha, tusione haya. Tuonyeshe wafiwa tuliowafariji na wagonjwa tuliowaimbia bila malipo.

Mungu atupe kutumika hivyo hadi yubilei ijayo. Amina.